Begi Mlangoni

Msichana anayekwenda kuagana na mtu huchelewa. Elmina Nyamusi aliwahi kwa nusu saa nzima, na hilo peke yake lingemtosha Duke Oyaro kujua jibu la alichokuwa anakuja kuuliza.

Walikuwa wamepatana wakutane nyuma ya kituo cha kupimia majani pale Kiptere, saa tisa alasiri, karani akishafunga mizani na wachumaji wakishakwenda zao. Mvua ya mawe ilikuwa imepita punde, ile ya kila siku, na juu ya michai punje nyeupe zilikuwa zikiyeyuka taratibu. Elmina alisimama chini ya ukingo wa bati, amejikunyata ndani ya sweta ya mama yake, macho njiani. Alijiambia kwamba akimwona hatalia. Alimwona, akalia.

Duke alikuja amevaa lile koti la kijani alilonunua Kathmandu kwa mchuuzi aliyeapa kwamba halipitishi maji. Lilivuja siku ya kwanza tu, na Elmina alimcheka nalo kutoka Nepali hadi Vietinamu. Leo hakucheka. Duke alifika, akanyoosha mkono amshike bega kama alivyozoea, kisha mkono ukasita hewani, akaurudisha mfukoni. Elmina aliuona ule mkono ukirudi.

"Umekonda," Duke akasema.

"Hata wewe."

Watu wawili waliokula sahani moja kwa miezi mitano, leo hawakujua hata wasimame umbali gani.

Sitaki uwalilie bila kujua unachokililia, kwa hiyo niruhusu nirudi nyuma kidogo.

Walijuana tangu utotoni kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, ambako baba zao wote wawili walikuwa kiwandani. Laini Mkisii ni Mkisii na Mjaluo ni Mjaluo, na king'ora kikilia alfajiri hakuna mwenye nafasi ya kukuuliza ukoo. Oyaro, baba yake Duke, akiulizwa kwao ni wapi alijibu Borabu, basi. Borabu watu walihamia kutoka kila pembe ya Ukisii, kwa hiyo kujibu hivyo ni sawa na kutojibu. Disemba ikifika, jirani zao walifunga milango wakaenda nyumbani na magunia na watoto. Familia ya Oyaro ilibaki. Duke alikua akipiga mpira ukutani peke yake, mbele ya nyumba zenye kufuli, na hata wazazi wake walipokufa aliwazika kwenye makaburi ya mji, kwa kuwa hakujua pengine pa kuwapeleka. Duke aliwahi kumwambia mtu mmoja tu jinsi jambo hilo lilivyomuuma, na mtu huyo ni Elmina.

Wazo la Asia lilikuwa la Elmina. Alikuwa akifundisha chekechea, Duke akitengeneza mashine kiwandani, na kila jioni waliangalia kwenye simu video za vijana wa Kizungu wanaozunguka dunia na begi moja mgongoni. Siku moja Elmina akauliza kwa nini iwe wao tu. Wakajinyima miaka miwili. Hakuna kiatu kipya, hakuna soda, na watu wa Kiptere wakasema hao wawili wameingia dini ya ajabu. Mama yake Elmina, Nyanchama, alimuuliza binti yake mara tatu kama huyo Duke ni mchumba. Mara tatu Elmina akajibu ni rafiki tu, na ninakuhakikishia, wakati huo ilikuwa kweli.

Walisafiri kimaskini hasa. Walipanda treni za India za daraja la chini kabisa, Duke akilala kwenye rafu ya mizigo na viatu vyake chini ya kichwa. Walibeba kilo nne za unga wa mahindi, ukaishia Varanasi, na pakiti za majani ya chai ya Kericho, kila walikofika wakiomba maji ya moto tu, maana hayo hakuna anayekutoza. Chumba kimoja cha vitanda viwili kilikuwa nafuu kuliko vitanda viwili mahali pengine, ila kwenye miji midogo wenye nyumba za wageni walikataa kumpa chumba mwanamume na mwanamke wasiooana. Elmina ndiye aliyepata ujanja. Alichukua kalamu akaandika kwenye kitabu cha wageni: Duke Oyaro na dada yake. Mzee wa mapokezi aliwatazama wote wawili, akaona Waafrika, akaridhika, akatoa ufunguo. Duke akaupokea na kusema kwa sauti ya kuigiza, "Asante, dada yangu," huku akimkonyeza. Walipofika chumbani walicheka mpaka wakaziba midomo kwa mito. Tangu hapo ukawa mchezo wao. Kila mji, kila kitabu cha wageni, "Asante, dada yangu," na jicho likonyezwe.

Safari yao ilikuwa na sheria moja. Aliyechoshwa na mahali aweke begi lake mlangoni, na mwenzake asibishane wala asiulize, afunge lake waondoke. Duke aliliweka Varanasi baada ya kuharisha siku tatu. Elmina aliliweka Hanoi, asubuhi aliyokuta panya ndani ya kiatu.

Darjeeling hakuna aliyeliweka. Walipanda milima ile wakakuta chai, chai mpaka macho yanachoka, na Elmina akasimama kando ya barabara akilia kwa kukumbuka kwao. Wanawake wa kule hubeba kapu mgongoni, kamba yake ikipita kwenye paji la uso. Aliwaomba kwa ishara wamruhusu achume. Walimpa wakicheka, wakidhani mgeni anataka picha. Mikono yake ikashuka kwenye kichaka bila kufikiri, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi, na wale wanawake wakaacha kucheka, wakaanza kupiga makofi. Duke alikuwa amesimama pembeni na chupa ya maji. Hakupiga picha hata moja.

Waliporudi chumbani, wakinywa chai ya Kericho katikati ya Darjeeling, akamwambia, "Elmina, mimi nimetafuta nyumbani tangu nikiwa mtoto. Leo nimepaona, pamebeba kapu mgongoni."

Akambusu. Chini, kwenye kitabu cha wageni, bado walikuwa kaka na dada.

Wakarudi Kenya wamekonda, wachafu, na wamechumbiana. Jumamosi iliyopita Duke akaja kwa kina Elmina kujitambulisha. Kwa kuwa hakuwa na mjomba wala baba mdogo, aliyemsemea ni Mzee Ojwang, Mjaluo waliyekuwa jirani naye laini, ambaye alivaa koti lake la kanisani na kusema vizuri kuliko wenye mila yao. Watu wakala, wakacheka. Kisha Shangazi Bilhah, dada wa baba yake Elmina, aliyetoka Kisii kwa ajili ya siku hiyo, akauliza swali ambalo kila shangazi huuliza, wala hakuuliza kwa ubaya: babu yako mzaa baba aliitwa nani?

Duke akasema hakumwona. Alichojua ni kwamba aliitwa Nyang'au, alifanya kazi ya reli Fort Ternan, akafia huko. Bilhah akaweka kikombe chini. Akauliza kama huyo Nyang'au alikuwa na vidole vyote. Duke akashangaa, akajibu hapana, baba alimwambia kidole kidogo cha kushoto kilikatwa na shoka akiwa mtoto, wakicheza na kaka yake.

Bilhah alisimama, akamshika Duke uso kwa mikono miwili, akaanza kulia kwa sauti. Yule kaka mwenye shoka alikuwa baba yake yeye Bilhah, ndiye babu yake Elmina. Baba mmoja, mama mmoja. Nyang'au aligombana na nduguye akaondoka kijana, akaapa hatalitaja tena jina la kwao, na akamrithisha mwanawe Oyaro kile kiapo kama mwingine anavyorithisha ng'ombe. Pale pale sebuleni, mbele ya sufuria za pilau, uchumba ukafa. Mahali pengine duniani wangeitwa binamu wa mbali wakaoana bila mtu kukohoa. Kwa Wakisii, wajukuu wa ndugu wawili wa kiume ni kaka na dada, na hakuna mzee, mchungaji wala machozi ya kuligeuza hilo.

Sasa turudi nyuma ya kituo cha majani, kwenye matone yanayodondoka kutoka batini.

Duke alikuwa na mpango. Alimkumbusha Elmina yule mama wa Hoi An, kule Vietinamu, mwenye shule ndogo ya Kiingereza, aliyewaomba wabaki wafundishe watoto wake. Alikuwa amemwandikia, na amejibu kwamba nafasi zipo mbili. Ndege ilikuwa Ijumaa, na angeondoka kwenda Nairobi Alhamisi asubuhi. Aliyasema haya haraka haraka, akitazama matope, mtu anayeogopa kukatizwa.

"Huko hakuna mtu atatuuliza babu yetu ni nani," akamalizia.

"Na mimi nikijiuliza?"

"Utajiuliza mwaka mmoja. Halafu utazoea."

"Wewe utazoea?"

Duke akapiga teke tope. Akasema, "Mimi sijakulia na wewe nyumba moja, Elmina. Hatujanyonya titi moja. Juzi tu nilikuwa bibi harusi wangu nimempata, leo naambiwa ni dada. Kwa sababu ya kidole. Kidole cha mtu alikufa kabla sijazaliwa."

Alikuwa amechanganya maneno, na wakati mwingine wangecheka kwa hilo bibi harusi wangu. Elmina akafuta pua kwa mkono wa sweta. Alimweleza kwamba mama hajamgombeza hata mara moja, na afadhali angegombeza. Anaamka, anabeba kapu, anakwenda shambani, anarudi, anapika. Ila jana alisema jambo moja akiwa anachambua mboga, bila kuinua macho. Alisema: ukienda naye sitakulaani, lakini ukizaa, nitamwita mtoto wako nani?

"Na mimi sikukuwa na jibu," Elmina akasema. "Duke, nikienda sirudi. Unajua hiyo? Hata akikufa, siwezi kuja kumzika."

"Najua."

"Na bado unaniambia twende."

"Nakuomba. Sikuambii." Sauti yake ilikwaruza. "Mimi sina mtu mwingine. Wewe unajua sina."

Huo ndio ukweli uliomzidi Elmina. Yeye alikuwa na mama, baba, shangazi, wadogo zake, na kaburi la babu la kuonyeshwa. Duke alikuwa na yeye peke yake.

Hatua mbili zikiwa bado kati yao, Duke akasema kwamba Alhamisi saa mbili atapita nyumbani kwao. Hatampigia simu, hatabisha hodi.

"Kama unakuja, weka begi mlangoni. Nikikosa kuliona, nitapita tu kama mtu anaenda zake."

"Na nikiliweka?"

"Sheria ni ile ile. Hakuna kubishana."

Jumatano yote Elmina alitembea ndani ya nyumba kama mgonjwa. Chozi lilidondoka ndani ya uji, akaukoroga. Alijaribu kumwona Duke kama kaka, alijaribu kwa moyo wote, Mungu ni shahidi yake, akashindwa. Kila alipofumba macho alimwona kwenye rafu ya mizigo, mguu mmoja unaning'inia, akimshushia nusu ya chapati aliyosema haitaki, na huku njaa inamuuma. Mtu wa namna hiyo unamwacha vipi apande ndege peke yake, kwenda kukaa peke yake, aje azeeke peke yake mbele ya nyumba zenye kufuli? Jioni ilipoingia alikuwa ameamua. Alifunga begi lake. Aliweka nguo tatu, kandambili, na pakiti mbili za majani ya chai.

Alhamisi saa moja na nusu aliliweka mlangoni.

Alikuwa amehesabu kwamba mama atakuwa shambani. Mama hakuwa shambani. Nyanchama alitoka jikoni, akaliona begi, akaliruka, akaenda kuchukua kuni. Akarudi na kuni, akaliruka tena. Kuku alikuwa ameshachinjwa na kunyonyolewa, na sufuria ilikuwa jikoni tangu Elmina akiwa bado kitandani. Nani alimwambia kuhusu Alhamisi? Hakuna. Mama anajua tu, na mwenye mama ananielewa.

Saa mbili Duke akatokea kwenye kona, begi lake mgongoni, koti la kijani mwilini. Elmina alimwona kupitia dirishani. Alimwona akitafuta kwa macho, akaona alichotafuta, na uso wake ukafunguka namna ambayo Elmina hakuwa ameiona tangu Darjeeling. Alikuwa anakwenda kutoka nje ampokee, lakini Nyanchama alimtangulia.

"Karibu, mwanangu," mama alisema. "Mbona unasimama huko nje? Kwenu huwa hapabishwi hodi."

Duke alisita. Akavua kofia, akaruka begi, akaingia. Nyanchama akampa kiti cha baba yake Elmina, kile ambacho hata mchungaji hakupewa, naye akaketi ukingoni, begi lake bado mgongoni. Nyanchama akakaza leso kiunoni. Akaanza kuzungumza polepole, akimtazama Duke peke yake.

Alimwambia kwamba Bilhah alifika Kisii salama na habari imewafikia wote. Wazee wawili wamelia hadharani. Kisha akamwambia kuhusu shamba. Pale nyumbani kuna kipande cha ardhi kando ya mto, chini ya boma la babu yao, ambacho tangu aolewe alikikuta hakilimwi. Miaka mingi ya shida ya ardhi, watu wakigombania hata mpaka wa unyayo mmoja, hicho hakikuguswa.

"Mimi niliuliza hiyo ni ya nani, hakuna anapanda hata kunde," akasema. "Wakaniambia ni ya Nyang'au, amesafiri. Hivyo tu. Amesafiri. Kumbe ni wewe tulikuwa tunakungoja."

Duke alikuwa ameinamisha kichwa.

"Wamefyeka jana," Nyanchama akaendelea. "Wanataka baba yako na mama yako watolewe hapo kwa makaburi ya mji, walazwe kwao. Na Disemba tunaenda sisi wote. Hutabaki laini tena, mwanangu. Hutabaki."

Mabega ya Duke yalianza kutikisika. Elmina alikuwa amesimama kando ya meza, na alijua, kabla ya mtu yeyote pale, kwamba kitu ambacho alikuwa anampa Duke kwa kwenda naye, mama yake amekitoa chote kwa mkupuo mmoja, na zaidi. Alitamani kumchukia mama. Hakuweza, kwa sababu mama hakuwa anadanganya hata neno moja.

"Elmina," Nyanchama akasema bila kugeuka, "mpe ndugu yako chai."

Chupa ya chai ilikuwa mbele yake. Akamtazama Duke, na Duke akainua uso akamtazama. Walikuwa wameshawasiliana kwa macho katika vituo vya treni vya nchi tano, wakijua nani mwizi, nani muungwana, lini wakimbie. Macho ya Elmina yalisema wazi: simama tu, mimi niko nyuma yako. Angemwachia mama chai na kuku na kila kitu. Begi lilikuwa pale. Sheria ilikuwa ile ile.

Duke alisimama.

Elmina alimwona akitembea hadi mlangoni, akiinama, akishika lile begi la Elmina kwa kamba zote mbili kama alivyokuwa akimshikia kila asubuhi ili alivae. Alikwisha kugeuza mgongo apokee. Lakini Duke alimpita. Alilibeba begi hadi ndani, akaliegemeza ukutani, mbali na mlango, akalisimamisha vizuri lisianguke. Akavua na lake, akaliweka kando yake. Kisha akarudi akaketi kwenye kile kiti.

Elmina alimimina chai, kwa kuwa mikono inajua kazi yake hata mwenyewe akiwa hayupo. Kikombe kilijaa hadi ukingoni. Duke alikipokea kwa mikono miwili.

"Asante, dada yangu," akasema.

Elmina alimtazama usoni, akangoja akonyeze jicho. Akangoja mpaka chai ikapoa.